Kalenda Yenye Sura Yangu

Mimi na Spès tulijifunza ushonaji kwa fundi mmoja hapa Uvira, tukigawana mkasi mmoja. Sasa fikiria nilivyojisikia mwezi wa kumi na mbili, nilipoingia kwa mama yangu mzazi nikakuta kalenda ukutani: Spès ndani ya kitenge, meno yote nje, na chini jina la ateliye yake ya kushona. Kwa mama yangu! Roho iliniuma hadi chai ikanishinda.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka imprimeri ile ile iliyochapa kalenda ya Spès. Kasongo, mwenye mashine, akaanza maswali: saizi gani, karatasi gani, maandishi gani. Sikuwa na hamu ya maswali. Nikamtupia mezani kalenda niliyoing'oa kwa mama.

"Minye nataka hii hii. Toa sura yake, toa jina yake, tia yangu. Ingine yote iache vile iko. Na karatasi iwe nzito kupita yake."

"Lakini mama, uniandikie kwanza kila kitu yenye..."

"Weye chapa!"

Akanitolea moja ya kukagua kabla ya kuchapa mia tano. Nilikagua sura yangu. Nilikuwa nimempita Spès kwa uzuri, Mungu ni shahidi. Nikatia sahihi.

Nilizigawa sokoni, bandarini, hadi Sange. Moja nilimpa Ndahiro, kiongozi wa kwaya ya watu wa milimani, aliyekuwa akitafuta fundi wa kushona nguo thelathini za Pasaka. Kazi hiyo ingeninunulia mashine ya pili, maana hii moja imechoka. Akasema atanipigia.

Mwezi wa kwanza ukaisha, Ndahiro kimya, wateja wapya kimya. Aliyepiga ni Spès tu, tena na tena, nami sikupokea. Nilijua anataka kunicheka.

Siku moja akaja mwenyewe, daftari kwapani. Nilimpa kiti bila kumtazama.

"Chadia, njo hushikaki simu? Angalia namba pale chini ya kalenda yako. Iko yangu. Batu banakutafuta weye, banapata minye."

Nikaangalia ukutani. Namba ya Spès, herufi nene, chini ya kidevu changu. Kasongo aliacha kila kitu vile vile, kama nilivyomwamuru.

Spès akafungua daftari. Vipimo vya wanakwaya thelathini, kifua, kiuno, urefu, kwa mwandiko wake.

"Ndahiro naye alipiga, akapata minye, alikuwa anataka kutafuta mwingine. Nikamwambia Chadia iko na kazi mingi, amenituma nibapime. Shika, kazi ni yako."

Nilisema asante. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Angeniibia kazi ile, ningemchukia kwa raha zangu. Sasa kila asubuhi Spès ananipigia kunitajia wateja wangu, kalenda zitakaa ukutani mpaka mwezi wa kumi na mbili, na kila asubuhi lazima niseme asante.