Basi la Pumzi Safi

Kitenge kingine kilikuwa kimelowa damu, na jua la Namakwekwe, mtaa wa Wanubi mjini Mbale, lilikuwa bado halijafika kwenye mabati. Fatumah alilala ubavu mkekani, midomo imempauka, kichanga chake kikilia mikononi mwa jirani. Alikuwa amejifungua juzi. Mama yake, Hadijah Marjan, alitandaza shuka safi juu ya chetezo akalifukiza udi harakaharaka, maana kwa Wanubi mzazi hatoki uani bila kufukizwa, na hospitalini wangeaibishwa kwa harufu ya damu.

"Mama, twende," Fatumah alinong'ona.

"Tunaenda, binti yangu. Simama polepole."

Siku nyingine wangepata pikapu, au hata baiskeli. Lakini vita vilikuwa vimekwisha, mji ulikuwa ukijengwa upya, na wafadhili walikuwa wamegundua kwamba watu wa Mbale, waliokoswakoswa na risasi miaka yote ile, sasa wanauawa na moshi wa magari. Dawa yake ilikuwa basi la bure, na leo lilikuwa likizinduliwa. Ili hewa iwe nzuri mbele ya wageni, pikapu na teksi zote zilipigwa marufuku. Baiskeli nazo, ambazo hazijatoa moshi tangu zitengenezwe, zilifukuzwa kwa sababu Bwana Wamboga, mkubwa wa Mradi wa Pumzi Safi, alisema zinaharibu picha. Basi lenyewe lilikuwa lilelile lililozinduliwa Jinja wiki iliyopita. Huko lilikatiwa utepe, likapigiwa makofi, kisha likaondoka zake na watu wa Jinja wakarudi nyumbani kwa miguu. Watu kama Wamboga hawana haya, wana tai tu.

Hadijah alimwachia jirani kichanga, akamkokota binti yake hadi kituoni. Basi lilikuwa limeegeshwa, injini ikinguruma, wageni wa suti wamekaa mbele na viti vya nyuma vitupu. Mlangoni alisimama askari Mugweri na bunduki yake. Kando yake Wamboga alishika kipima moshi, kidude kidogo chenye taa ya kijani.

"Afande, mtoto yangu natoka damu. Tupeleke hospitali."

"Panda, mama, panda!" Wamboga alidakia, akimwita mpiga picha. "Wageni waone mwananchi. Angalia hapa. Cheka kidogo."

Hadijah alicheka. Angecheka hata mbele ya simba, mradi basi liondoke.

Picha ikapigwa. Wakaingia ndani, na papo hapo taa ikawa nyekundu, kidude kikaanza kupiga kelele. Wageni waligeuka. Mmoja wao alitoa kalamu.

"Nani ameleta moshi?" Wamboga aliuliza.

"Ni udi, bwana. Nguo ya mzazi."

"Udi ni moshi. Mashine inasema hewa ya humu imeharibika, na yule mzungu anaandika."

"Na ile moshi ya nyuma ya basi?"

"Hiyo iko nje." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Nyinyi watu ya jeshi la zamani, mmezoea kuharibu inchi."

Baba yake Hadijah alikuwa mpishi wa jeshi hilo lililopinduliwa, lililojaa Wanubi. Hakuwahi kuharibu chochote zaidi ya wali. Hadijah alitamani kumtemea Wamboga mate kwenye ile tai. Akameza.

"Mimi nabaki, bwana. Chukua huyu peke yake."

"Shuka yake ndiyo nanuka."

"Natoa."

Akalivuta shuka mabegani mwa binti yake. Chini yake gauni lilikuwa jekundu kuanzia kiunoni hadi miguuni. Wamboga alilitazama kwa muda, kisha akatazama viti.

"Hivi viti ni vya kitambaa," alisema. "Teremsha hawa watu, afande."

Wakateremshwa. Wageni walipiga makofi basi lilipong'oka, likawaachia wingu jeusi lililowakohoza wote watatu, askari naye. Fatumah alikaa chini, kwenye ukingo wa barabara uliopakwa rangi nyeupe asubuhi ileile, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake.

Barabara ilikuwa tupu. Hadijah alipiga kelele kuomba msaada. Watu walichungulia madirishani, wakamwona askari, wakafunga.

Mugweri alitazama chini penye miguu ya Fatumah, damu ilipokuwa ikitiririkia rangi nyeupe. Akaondoka, akarudi amebeba jerikeni la maji. Hadijah alihisi moyo wake unalegea kwa shukrani. Akakinga viganja.

"Mungu akubariki, afande. Koo imemkauka."

"Si ya kunywa." Askari aliliweka jerikeni chini na kuelekeza kidole kwenye ukingo. "Sogeza yeye, osha hapa. Wageni wanarudi na njia hii."

Hadijah alimwambia binti yake asogee kidogo. Kichwa kilikuwa kizito pajani, na kifua hakikupanda wala kushuka. Akamwambia tena.