Cherehani kwa Kasi Maradufu

Niseme mapema: mimi si mtu wa kujishusha. Miaka tisa nimeshona kola za mashati katika kiwanda hiki, na ilipotangazwa kwamba fundi wa kutengeneza cherehani anastaafu mwisho wa mwezi, nilijua nafasi ile ni yangu. Cheti nilikuwa nacho. Nilikipata kwa masomo ya mtandaoni, miezi minane, kila siku saa ya chakula, nimekaa juu ya robota la vitambaa na hedifoni masikioni.

"Kaka yangu anajua una mume wa pili humo ndani ya simu?" Wifi yangu, tunayeshona naye meza moja, hakuchoka kuniuliza.

"Anajua. Tena huyu wa pili hafuliwi nguo."

Tatizo lilikuwa muda. Somo lilikuwa la saa nzima, mapumziko yetu nusu saa. Basi nikawa nacheza video kwa kasi maradufu, mwalimu anaongea kama anakimbizwa, nami namwelewa vizuri tu. Sikuona ubaya wowote.

Siku ya majaribio ya kazi hiyo, fundi wetu anayestaafu, tunayemwita Babu Oili, aliweka cherehani mbili mbele ya meneja na nusu ya kiwanda. Nikishindwa, wangeleta mtu wa nje, nami ningerudi kwenye kola mpaka nizeeke.

Babu Oili akakanyaga ya kwanza. "Isikilize. Ina ugonjwa gani?"

Nikafumba macho. "Inakwenda polepole. Mkanda umelegea."

"Hii nimeitengeneza asubuhi," akasema. "Haina hata mafua."

Watu wakaangua kicheko, na wifi yangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Uso uliniwaka. Nilijua papo hapo nilipokosea: miezi minane nimesikiliza mashine zikikimbia mara mbili ya mwendo wake, na sasa hata iliyo nzima naiona mgonjwa. Nilitamani kumlaumu yule mwalimu wa kwenye simu, lakini aliyemkimbiza ni mimi mwenyewe.

"Ya pili inaruka mishono," akasema Babu Oili. "Au tuishie hapa?"

"Nani kasema tuishie?"

Somo la kuruka mishono lilinishinda mara ya kwanza, kwa hiyo nililirudia mara ishirini na sita, polepole, nikisimamisha kila hatua. Mwalimu gani wa darasani angenivumilia hivyo? Nilibadilisha sindano, bado ikaruka. Nikafungua sahani ya chuma iliyo chini ya sindano, nikalegeza skrubu za ndoana inayodaka uzi, nikazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikapanda milimita mbili kutoka chini kabisa, nikaisogeza ncha ya ndoana nyuma yake, nikakaza. Nilishona kipande cha shati mbele yao. Mshono ulinyooka mwanzo hadi mwisho, na safari hii wifi yangu alipiga vigelegele.

Babu Oili aliuinua mshono kwenye mwanga. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu asiyejua hata kama nipo hai."

Hakucheka. Alinong'ona na meneja, meneja akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Kisha mzee akaushika mkono wangu, akauweka juu ya ile cherehani ya kwanza na kukanyaga. Ikatetemeka taratibu chini ya kiganja changu.

"Huu ndio mwendo wake," akasema. "Ushike. Una swali?"

Kwenye yale masomo kulikuwa na mahali pa kuandika maswali. Niliandika kumi na manne, na hakuna hata moja lililojibiwa. Niliyaweka yote kwenye daftari, nikajifanya sijali. Nilijali sana.

"Ninayo kumi na manne, Babu."

Alivuta kigoda, akakaa, akaniwekea bisibisi yake mkononi.

"Anza na la kwanza. Tuna mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo watakuwa wanakuuliza wewe."