Refa wa Ghorofa ya Nne

Katika miaka ishirini na sita ya kupuliza filimbi, Refa alirushiwa chupa, maganda, viatu, na safari moja kiti kizima, na hakuwahi kukimbia. Aliwahi kutoa penalti dakika ya mwisho dhidi ya timu ya nyumbani, uwanja umefurika, kisha akatembea mwenyewe hadi chumba cha kuvalia, taratibu, kama mtu anayetoka kununua mkate. Watu walimtukana mpaka wakachoka, wakabaki kumheshimu. Alipostaafu jina likamfuata nyumbani. Fundi bomba wa jengo lao alimwita Refa, watoto wa ngazini walimwita Babu Refa, na marehemu mkewe, siku za ugomvi, alimwita hivyo hivyo.

Binti yake alikuwa mkunga katika hospitali ya mjini, na ndiye aliyebaki kuishi naye. Ugonjwa ulipoingia, binti akapanga nguo zake kwenye begi, akasimama mlangoni.

"Baba, una miaka sabini na nne, na pumu juu yake. Nikikuletea ugonjwa huu kutoka wodini sitajisamehe. Nahamia hosteli ya wauguzi mpaka mambo yatulie. Chakula nitaleta kila baada ya siku moja, nitakiacha hapa nje. Mlango usimfungulie mtu."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningembeba mgongoni nikaenda naye."

Wiki za kwanza alizimudu vizuri. Alijiandikia ratiba, akaibandika kwenye mlango wa jokofu: kuamka saa kumi na mbili, kunyoosha viungo, kunyoa ndevu, kusikiliza habari, na saa kumi jioni, simu ya Kibendera. Huyo Kibendera alikuwa mshika kibendera wake kwa miaka kumi na tisa, mtu mwembamba mwenye macho ya mwewe, na kila jioni walibishana juu ya mechi zilizochezwa kabla watoto wao hawajazaliwa. "Ile ilikuwa kuotea," anasema Kibendera. "Haikuwa," anasema Refa. Siku inakwenda.

Jumapili moja Kibendera alikohoa kwenye simu. Jumatatu akapelekwa hospitali. Alhamisi hakuwapo tena duniani.

Walioruhusiwa kuzika walikuwa watu kumi, na Refa hakuwamo. Mtoto wa marehemu alishika simu juu ili wazee walioko majumbani waone, lakini picha iliganda kwenye bega la mtu mmoja mwenye koti la bluu, na bega hilo ndilo Refa aliloliangalia dakika ishirini nzima mpaka simu ikakatika. Hakulia. Aliweka simu mezani, akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya televisheni, na ukweli ni kwamba hakuinuka tena.

Si kwamba alianguka. Angeanguka angejua. Mambo yalimwendea mrama kidogo kidogo, kama maji yanayopenya chini ya zulia. Kwanza aliacha mazoezi, akasema atayarudia Jumatatu. Kisha ndevu. Kisha kitanda akakihama, akawa anasinzia pale pale kitini na kuzinduka alfajiri, moyo unadunda kama umefukuzwa. Pazia alilifunga kwa sababu mwanga ulimchosha. Televisheni ilitaja idadi ya waliokufa siku hiyo, naye aliisikiliza kama mtu anayengoja jina lake lisomwe. Supu aliyoletewa na binti yake aliimwaga chooni, akaosha bakuli vizuri na kulirudisha nje ya mlango.

Na kila simu ilipolia, aliipokea kwa sauti ileile ya uwanjani.

"Niko salama."

"Umekula?"

"Nimekula na kushiba."

"Washa kamera nikuone."

"Kamera imeharibika."

Alimdanganya hivyo miezi miwili. Lakini mkunga hadanganyiki kirahisi, maana nusu ya kazi yake ni kusikia kile mtu anachokificha. Mchana mmoja alikuja bila taarifa, barakoa mbili, ngao ya plastiki usoni, glavu mikononi. Akafungua kwa ufunguo wake na kusimama kizingitini. Harufu ndiyo iliyompokea kwanza. Kisha akamwona baba yake, ndevu nyeupe zimemjaa mpaka shingoni, amevaa shati ambalo mwezi uliopita lilikuwa jeupe.

"Baba, simama nikuone."

Alisimama, na ikabidi aishike suruali kwa mkono isimdondoke.

Binti hakupiga kelele. Aliketi sakafuni pale pale mlangoni, akakunja miguu, akamtazama muda mrefu kupitia ile plastiki.

"Wodini tunalisema kila siku," akasema. "Mficha uchi hazai. Wapo wanaokuja wamekaza meno, wanasema hawaumwi popote, na mimi tayari nakiona kichwa cha mtoto. Sasa niambie, Baba. Unataka kuishi?"

Refa alikusudia kusema, "Swali gani hilo la kumuuliza mzazi?" Mdomo ukafunguka, likatoka jingine.

"Sijui," akasema.

Uwanjani hakuwahi kulitamka neno hilo hata mara moja, maana refa asiyejua atafute kazi nyingine. Na sasa lilikuwa limetoka, liko katikati ya chumba, na jengo halikuanguka.

"Ahsante, Baba," binti akasema. "Hapo sasa tunaweza kuanza."

Kesho yake asubuhi simu ililia kwa namba asiyoijua.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni daktari wa afya ya akili, niko hospitali moja na mwanao."

"Marahaba. Mimi sina wazimu."

"Sijasema unao. Nataka kukuuliza habari za usingizi."

Alimuuliza usingizi, akamuuliza chakula, akamuuliza kama kuna nyakati anaona afadhali asingeamka. Sauti yake ilikuwa ya msichana, haina haraka. Refa alijibu kwa neno moja moja, mwisho akachoka.

"Daktari, tusipotezeane muda. Huko nje watu wanakufa. Mimi nimekaa kitini na pumzi ninayo. Uwanjani, mchezaji mzima akijiangusha nilikuwa nampa kadi."

"Ulimjuaje anayejiangusha?"

Hilo lilikuwa swali la kazi yake, akalijibu kabla hajafikiri. "Rahisi tu. Anayejiangusha anapiga kelele, anagaagaa, na jicho moja liko kwangu. Aliyeumia kweli ananyamaza."

Kimya kilipozidi, Refa akaanza kuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Mimi nimenyamaza tangu walipomzika mwenzangu," akasema, na hapo ndipo kilio cha Kibendera kilipomtoka, kimechelewa miezi miwili, mbele ya mtu asiyemjua hata sura. Daktari alimngoja. Alipomaliza, alimwambia kwamba ugonjwa wake una jina, unaitwa sonona, na una tiba: mazungumzo, na vidonge ambavyo binti yake angemletea.

"Hiyo pumu yako, kipumulio unakionea haya?"

"Nikionee haya kwa nini? Ndicho kinachonipa pumzi."

"Basi na dawa hii ni hivyo hivyo."

Haikuwa kama kuwasha taa. Vidonge vilimkausha mdomo, na wiki mbili za kwanza hakuona tofauti yoyote isipokuwa kiu. Daktari alipiga kila Jumanne na Ijumaa, akampa kazi ndogo ndogo ambazo Refa aliziona za kitoto: leo fungua pazia, kesho nyoa upande mmoja wa uso ukishindwa wote. Alishindwa, akazunguka siku nzima na nusu ndevu. Ijumaa moja hakupokea simu kabisa. Daktari akapiga tena Jumamosi, siku yake ya mapumziko, wala hakumgombeza. Binti naye alikuja kila jioni baada ya zamu yake, akaketi pale sakafuni mlangoni na bakuli lake, baba upande wa pili wa chumba na lake, wakala kwa pamoja. Wiki ya tano Refa aliamka asubuhi akahisi njaa. Alibaki kitandani, alikokuwa amerudi kulala, akiishangaa, kama mtu aliyetembelewa na jamaa wa zamani.

Pazia sasa lilikuwa wazi, na ng'ambo ya ua palikuwa na jengo lingine lililofanana na lao kama pacha. Ghorofa ya pili ya jengo hilo aliishi Mwalimu Mkuu, mjane aliyestaafu, mama mwenye mgongo ulionyooka kama rula. Yeye na Refa walijuana kwa salamu, na kwa ubishi wa miaka mingi juu ya mahali pa kuweka mapipa ya taka. Jumatatu Refa aliona nguo za mama huyo zimeanikwa kwenye kamba ya dirishani. Jumanne mvua ikazinyea. Jumatano zikakauka, Alhamisi zikanyeshewa tena, na hakuna mkono uliozigusa. Mwanamke ambaye vitambaa vyake vya meza vilipigwa pasi pande zote mbili.

Refa alisimama dirishani, sahani mkononi. Aliujua ukimya ule. Alikuwa ametoka kuishi ndani yake.

Namba ya mama yule hakuwa nayo. Akavaa viatu, barakoa na koti, akachukua filimbi kwenye droo ya visu, akafungua mlango. Ngazi za ghorofa nne, ambazo hakuwa amezikanyaga miezi minne, zilimchukua robo saa, akipumzika kila kona, kipumulio mfukoni. Alipofika katikati ya ua hapakuwa na mtu. Akashusha barakoa, akapuliza mara moja, kwa nguvu zote za kifua chake kibovu.

Mapazia yakafunguka juu na chini, pande zote mbili. La Mwalimu Mkuu halikufunguka. Akapuliza tena, akapuliza na mara ya tatu.

"Nani anayeniita kwa filimbi kama mbwa?" Dirisha la ghorofa ya pili lilikuwa limefunguka kidogo, na uso uliochungulia haukuwa umechana nywele.

"Ni mimi, Refa wa ng'ambo. Nguo zako zina siku nne kambani, Mwalimu."

Mama yule alizitazama kama za mtu mwingine. "Kwani mvua imenyesha?"

"Mara mbili."

Mwalimu akasema, "Nimechoka tu. Rudi ndani, mzee mwenzangu, utaugua."

"Nimeshaugua."

Madirisha mawili ya ghorofa ya kwanza yakafungwa papo hapo.

"Si huo," Refa akasema, akipaza sauti. "Si wa mapafu. Mimi naumwa huku." Akajigonga kichwani, kisha kifuani, maana hakuwa na hakika ni wapi hasa. "Unaitwa sonona. Miezi miwili nilikaa kwenye kiti. Sikuoga. Supu ya mwanangu niliimwaga chooni, na nikangoja kufa kama mtu anayengoja basi. Sasa nameza dawa. Daktari ananipigia Jumanne na Ijumaa. Jana nimekula mayai mawili."

Madirisha arobaini yalikuwa yanamsikiliza. Yeye ambaye kiti kilipita karibu na sikio lake asipepese, sasa alitamani kukimbia. Lakini alibaki amesimama, na hakuna aliyecheka wala kuguna.

Mwalimu Mkuu alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Mayai mawili," akarudia polepole. "Mimi jiko langu sijaliwasha tangu juzi."

"Liwashe sasa hivi. Nakungoja hapa hapa."

Ndipo sauti nzito ikashuka kutoka ghorofa ya sita, ya fundi saa, mzee aliyekuwa hamsalimu mtu. "Refa, namba ya huyo daktari ni ngapi? Nauliza kwa ajili ya mke wangu."

"Mwongo huyo," sauti ya mkewe ikajibu kutoka ndani. "Anajiulizia mwenyewe."

Kicheko kilichozuka kilianzia upande mmoja wa ua kikahamia wa pili. Ilikuwa miezi mingi tangu ua ule usikie kicheko. Refa akatoa simu mfukoni, akaisoma namba tarakimu moja moja, kwa sauti ya uwanjani, na alipoambiwa arudie akarudia. Alihesabu watu tisa walioinamisha vichwa wakiandika. Alipoinua macho, mvuke mwembamba wa chai ulikuwa unatoka kwenye kikombe dirishani kwa Mwalimu Mkuu, na mwenyewe alikuwa anaanua nguo.

Jumanne daktari alianza mazungumzo bila salamu. "Mzee, umenifanya nini? Simu yangu haipoi." Lakini alikuwa anacheka. Alimtafuta mwenzake wakagawana kazi, na wale wazee wakaanza kupigiana wenyewe kwa wenyewe, wawili wawili, kila asubuhi: umelala, umekula, umefungua pazia. Asiyepokea simu anapuliziwa filimbi. Saa kumi jioni Refa alisimama uani akanyoosha mikono, na madirishani kote mikono ikanyooka, mingine imeshika bakora.

Hawakupona wote kwa pamoja. Mama mmoja ilibidi alazwe wiki tatu, na walimngoja. Fundi saa alikuwa na siku alizomfukuza kila mtu. Lakini katika majengo yale mawili, kuanzia siku ile ya filimbi, hakuna mzee aliyebaki na ukimya wake peke yake.

Chanjo ilipofika, binti alirudi nyumbani na begi lake. Alikuta nyumba wazi na baba hayupo. Akafuata kelele mpaka kwenye kiwanja kilicho mwisho wa barabara, akawakuta wazee kumi na tisa wakizunguka nyasi, wamepeana nafasi, mmoja kwenye kiti cha magurudumu akisukumwa na Mwalimu Mkuu aliyenyoosha mgongo. Fundi saa alitembea wa mwisho, hatua za kobe, mkewe akimhesabia. Pembezoni watu waliotoka kazini walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na baba yake, suruali imemkaa vizuri kiunoni, alikuwa katikati, shingo imemtoka mishipa, akimkemea mtu aliyekata kona.

"Baba," binti akaita.

Refa alimwona. Hapakuwa na plastiki wala hatua sita kati yao tena. Alimkumbatia mwanawe mbele ya watu wote, akamkumbatia mpaka fundi saa akamaliza mzunguko na makofi yakalipuka.

"Sasa wanakwenda nyumbani kupumzika?" binti akauliza, akifuta macho.

"Kupumzika?" Refa akasema. "Huo ulikuwa wa kwanza. Weka begi lako pale, tunaanza wa pili."

Na binti akaweka begi, akaingia kwenye mstari.