Uso wa Kitinda

Mtaani walimwita Fundi Meno, na hata mama yake alimwita hivyo akitaka kumtania. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile katika karakana ya meno ya bandia nyuma ya zahanati, akichonga nta, akimimina plasta, akisugua meno ya watu asiowajua mpaka yakang'aa. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba ile alipewa mdogo wake, mwanajeshi, akapewa na ya kaka yake juu.

Mdogo huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wa watoto watatu. Ujanani alivunjwa jino la mbele uwanjani, na Fundi Meno ndiye aliyemtengenezea la bandia. "Kaka, umenipa jino zuri kuliko yale niliyozaliwa nayo," alisema, na tangu siku hiyo hakupita mbele ya kioo bila kujichekea.

Likizo yake ya mwisho, kabla hajapelekwa nchi ya mbali kulinda amani, Kitinda alikuja na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na sanamu ya askari ya kuunga, vipande thelathini na kitu vya resini, ile plastiki nzito ya kumiminwa. Ikishasimama ingefikia urefu wa rula ya shule: buti, magwanda, shanta mgongoni, helmeti na bunduki.

"Mikono yako ni ya kuchonga," alimwambia kaka yake. "Usiimalizie yote kwenye vinywa vya wazee. Niungie huyu. Ila uso wake utupe, weka wangu. Huyu wa kwenye boksi ana sura ya mtu aliyenyimwa likizo."

"Nitakuungia ukirudi," Fundi Meno alijibu, akalisukuma boksi chini ya kitanda.

Miezi saba baadaye Kitinda alirudi ndani ya jeneza. Gari lao lilikuwa limekanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Ofisa aliyekuja nyumbani alimvuta Fundi Meno pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa na alama yoyote ya kumtambulisha. Akasema jino. Wakampeleka peke yake kwenye chumba cha baridi, akakaa humo kama dakika tatu. Jino alilitambua, kwa kuwa alilichonga mwenyewe. Kingine cha kutambua hakikuwepo.

Alipotoka, dada yake mkubwa alikuwa kamngoja kwenye korido.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Alichokiona mle ndani hakumsimulia mtu, siku ile wala siku zilizofuata. Walipofika nyumbani aliomba jambo moja tu, jeneza lisifunguliwe. Mama yao alilia, akagombana, akaligonga lile jeneza kwa viganja, lakini Fundi Meno alisimama mbele yake kama ukuta. Mama akamzika mwana ambaye hakumwona.

Mwaka haukuisha, akili ya mama ikaanza kumtoka. Kwanza alisahau sufuria jikoni, kisha akasahau majina, halafu siku moja akasahau mazishi. Aliamka, akaoga, akavuta kiti mpaka dirishani na kukaa akitazama geti.

"Namngoja Kitinda," alisema. "Hamkuniambia anakuja leo?"

Mwanzoni walimwambia ukweli. Alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Kesho yake akauliza tena, wakamwambia tena, na lile yowe likarudi bichi vilevile, kama vile habari ndiyo kwanza inafika. Siku ya tatu Dada alimshika Fundi Meno mkono kabla hajafungua mdomo.

"Siwezi," alisema. "Siwezi kumuua mtoto yuleyule kila asubuhi."

Basi wakakubaliana uongo mmoja: yuko kazini, huko hakuna mtandao, akipata nafasi atapiga. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini wao waliitembea miezi na miezi. Dada alihamia pale na cherehani yake ili mchana mama asikae peke yake, na Fundi Meno akawa anapokea zamu akitoka kazini.

Shida ikawa chakula. Mama alikataa kula kabla mwanawe hajafika. "Aje akute sufuria tupu?" aliuliza. Wakimbembeleza sana alimeza vijiko viwili, akafunika sahani. Shingo yake ikawa nyembamba, pete ikawa inamdondoka kidoleni. Wakimwonyesha picha za Kitinda, alizisukuma. "Huyu ni karatasi," alisema. "Mimi namtaka mtu."

Jumapili moja asubuhi Fundi Meno aliinama chini ya kitanda, akalitoa boksi.

Mwili haukumpa tabu. Resini ni ndugu wa vitu alivyovizoea. Alikata mabaki ya kumiminia, akapiga msasa kwenye maji ili vumbi lisimwingie kifuani, akaziba matundu, akatoboa miguu na mabega kwa keekee ndogo na kupitisha waya ndani ili viungo visitegemee gundi peke yake. Baada ya Jumapili tatu askari alikuwa amesimama mezani, kamili, bila kichwa.

Hapo ndipo palipomshinda. Picha alikuwa nazo tele, lakini sura ya kwenye picha haikukaa. Kila alipofumba macho ili amkumbuke mdogo wake, kilichomjia ni chumba cha baridi. Alichonga vichwa viwili vya nta, vyote akaviyeyusha.

Kwenye rafu ya karakana, katikati ya makumi ya vifani, zile nakala za vinywa vya wateja, kulikuwa na kifani kimoja cha plasta cheupe, taya la juu na la chini, kimeandikwa kwa penseli jina la Kitinda. Alikichukua siku ile alipompima kwa ajili ya lile jino, na hakukitupa. Jumatatu moja alikishusha, akakipangusa vumbi, akakiweka mbele yake wakati wenzake wamekwenda kula. Akaanzia kwenye meno. Meno aliyajua. Juu ya meno akajenga mdomo, kwa kuwa meno yale yalilazimisha mdomo ukae namna moja tu. Kutoka mdomoni akaenda shavuni, kutoka shavuni machoni. Kazi yote ilikuwa kwenye kitu kikubwa kama ndimu, chini ya miwani ya kukuzia, kwa kijichuma chembamba kama mwiba. Sura ilirudi kidogokidogo kutokea upande wa kicheko, na safari hii ilikaa. Akatengeneza kalibu, akamimina resini.

Alipokileta nyumbani kile kichwa, Dada alikuwa anapita na beseni la nguo. Alilitua sakafuni.

"Jamani," alisema. "Ni yeye. Ni yeye kabisa, anataka kudanganya mtu."

Walicheka, wote wawili, mpaka Dada akajifuta macho kwa shati lililolowa.

Rangi ilichukua wiki nyingine nne. Magwanda aliyapaka rangi za maji, tabaka juu ya tabaka, mikunjo ikiwa na giza na migongo ya mikunjo ikiwa na mwanga. Uso aliupaka rangi za mafuta, kwa sababu ngozi haiwi rangi moja: kahawia ya chini, wekundu kidogo masikioni, zambarau hafifu chini ya macho ya mtu asiyelala vizuri. Mwisho alisaga chaki nyekundu, akaipakaza kwenye buti na pindo za suruali, maana Kitinda alikuwa amewaambia kwenye simu kwamba kule vumbi linaingia mpaka ndani ya chai. Kilichobaki ni vanishi ya kuikinga rangi. Lakini rangi ya mafuta haina haraka, inataka siku tano au sita ikauke, na mama alikuwa hajala tangu juzi. Jumamosi mchana Fundi Meno aliamua kutongoja. Akamsimamisha askari juu ya kabati dogo karibu na dirisha.

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akawageukia watoto wake kwa hasira.

"Mbona hamkuniambia amefika?"

Alisogeza kiti chake karibu na kabati.

"Amekonda," mama alisema. "Leteni chakula."

Alikula sahani nzima. Alikula huku anamsimulia yule askari habari za mtaa, nani kaolewa, nani kahama, nani bado ana deni la sukari tangu zamani. Jumapili akala. Jumatatu akala, akaomba kuongezewa. Dada alisimama jikoni akiushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Jumanne, Fundi Meno alipotoka kazini, alimkuta Dada mlangoni.

"Usimkaripie," Dada alisema. "Nakuomba, mdogo wangu. Nilikuwa naanika nguo nje. Nilitoka kidogo tu. Usimkaripie."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya sebule, beseni mbele yake, mikono ya gauni kaikunja mpaka viwikoni. Maji yalikuwa na rangi ya matope na povu lake lilikuwa jekundu. Mapajani kwake, juu ya taulo, alilala askari. Buti zilikuwa safi. Magwanda yalikuwa na mabaka. Uso haukuwepo. Ilibaki resini tupu ya kijivu, umbo bila rangi, macho bila mboni.

"Alikuja na vumbi la safari," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mwili mzima. Nikasema nimuogeshe, alale. Nikasugua polepole tu. Uso ukatoka na maji."

Fundi Meno alisimama na mkoba wake mkononi. Alitaka kusema si kitu, nitapaka tena.

Ndipo mama akainua macho, na macho yale yalikuwa yake ya zamani, makavu, hayana ukungu hata kidogo.

"Alikuja hivi," alisema. "Sivyo? Ndiyo maana ulinikataza nisifungue."

Fundi Meno alikuwa amelinyamazia jambo lile miaka miwili. Alikaa sakafuni kando ya beseni.

"Ndiyo, mama. Alikuja hivi."

"Na wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Mama alimwekea kiganja chenye sabuni kichwani, kama mtu anayempima mtoto homa. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole, baba. Pole sana." Fundi Meno alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, maji ya sabuni yakimtiririka shingoni. Nyuma yao Dada alikuwa ameegemea ukuta.

Mama hakulia. "Nibadilishieni maji," alisema. "Haya yamechafuka."

Wakambadilishia. Alimaliza kazi yake bila haraka: nyuma ya masikio yale madogo, chini ya kidevu, kidole kimoja kimoja. Akaomba taulo kavu, kisha akaomba kitambaa kisafi. Dada akachana kipande cha shuka jeupe. Mama akamviringisha mwanawe, akampakata mpaka jua likaondoka sakafuni.

Asubuhi ukungu ulikuwa umerudi. Alimwita Dada kwa jina la shangazi yao, akauliza kama mvua imenyesha. Kiti cha dirishani alikipita tu. Chakula alikula kidogo, lakini alikula.

Siku hiyohiyo Dada alimfuata Fundi Meno uani.

"Miaka miwili umeubeba peke yako," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekugawia nini, Dada?"

"Nusu."

Dada alikaa karibu naye kwenye ngazi, akamwambia, "Niambie sasa," naye akamwambia, sentensi moja baada ya nyingine, akitazama chini. Alipomaliza Dada alikuwa amemshika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

Fundi Meno alijaribu mara moja kuupaka upya ule uso. Alichanganya rangi, akachovya brashi, akaishika juu ya ile resini ya kijivu mpaka rangi ikaganda kwenye nywele za brashi. Akaiosha, akamviringisha askari katika shuka lake.

Mama aliishi miezi minane zaidi. Miezi miwili ya mwisho hakutoka kitandani, na maneno yalimwisha, akabaki na machache ya kuomba maji na kuuliza kama milango imefungwa. Alasiri moja ya zamu ya Fundi Meno, wakati anamgeuza ubavu, mama alimshika mkono wa shati.

"Kitinda alipokufa," alisema, "nani alimuosha?"

Fundi Meno alilaza mto vizuri kwanza.

"Wewe, mama. Ulimuosha wewe mwenyewe."

"Maji yalikuwa vuguvugu?"

"Vuguvugu."

"Na masikioni?"

"Na nyuma ya masikio, mama. Na kila kidole."

Mama alifikiri. "Vizuri," alisema. "Maji ya baridi hakuyaweza yule." Akaufumba mkono wake juu ya mkono wa shati wa mwanawe aliyebaki, akalala hivyo. Fundi Meno hakuuondoa. Alikaa ameinama vilevile, mgongo ukimuuma, mpaka Dada alipokuja kumpokea.