Kibuyu cha Balindile

Jumatatu asubuhi Mahlathi Mchunu alikuwa akipiga pasi kofia za mtoto alipoona shati lake limelowa kifuani, pande zote mbili. Alidhani ni mvuke wa pasi. Akabadilisha shati, akaendelea, maana kofia tano zilikuwa bado.

Nyumba ilikuwa ya Bwana Tregear, mhandisi wa mgodi, huko Johannesburg. Siku zile wanaume walioshuka chini ya ardhi walichimba dhahabu, na wanaume waliobaki juu walifanya kazi nyingine zote: walipika, walifagia, walifua, walilea. Mahlathi alikuwa yaya. Alimwogesha Wilfred, mtoto wa miezi miwili, akambeba na kumwimbia mpaka alale. Humo ndani aliitwa Jim, kwa sababu yaya aliyemtangulia aliitwa Jim.

Kabla ya adhuhuri akaja Ndukwana, dobi, na kilemba chake cheupe, kuchukua nguo chafu za wiki. Ndukwana alikuwa wa ukoo wa Mthembu. Huko kwao Msinga, watu wa Mthembu na watu wa Mchunu walipigana tangu enzi za babu zao kwa ajili ya malisho. Huku mjini wawili hawa walisalimiana kwa majina ya heshima ya koo zao, kwa kuwa vilima vyao vilitazamana.

“Macingwane,” alisema Ndukwana, “hujafa bado kwa harufu ya nepi?”

“Mvelase. Na wewe bado unafua suruali za ndani za wake za watu?”

“Nafua. Mama yangu akijua atanikana.” Akaketi juu ya furushi. Alikuwa amefika jana yake kutoka nyumbani. “Mkeo amejifungua. Msichana. Amemwita Balindile.”

Jina hilo maana yake ni wamengoja. Mahlathi aliiweka pasi chini taratibu.

“Amefanana na nani?”

“Amechukua masikio yako, maskini. Lakini sikiliza. Maziwa yamemkimbia mamaye. Alhamisi mchana, yuko shambani na jembe, akayahisi yanaondoka. Wanawake wenzake wanasema yalipanda kilima, yakashika njia ya huku.”

“Na ng'ombe?”

“Ng'ombe gani? Tauni imemaliza wenu, imemaliza wetu. Hata wa kuibiana hatuna. Wanampa mtoto maji ya uji.”

Mahlathi alifungua vifungo vya shati, akamwonyesha. Ndukwana alitazama, akahesabu kwa vidole.

“Alhamisi mpaka leo. Siku nne. Mimi nilipanda gari moshi. Yenyewe yamekuja kwa miguu.”

Hakuna aliyelistaajabia jambo hilo. Kila kitu cha Msinga kilikuwa kimeshika njia hiyo: vijana, waume, nguvu za migongo. Maziwa yalichelewa tu.

Jioni hiyo Wilfred alilia sana. Maziwa ya mkebe yalimsokota tumbo, na mama yake hakuwa na ya kutosha. Mahlathi alimbeba akazunguka naye varanda mara nyingi. Kwao, maziwa ya ukoo hunywewa na watu wa ukoo peke yao. Mgeni hapewi, hata akiwa mfalme, na akipewa si mgeni tena. Mahlathi alilifikiria hilo. Kisha akafikiria kwamba mtoto anayelia hajui habari za koo, akafungua shati.

Bibi Tregear alipotokea mlangoni alisimama kidogo, taa mkononi.

“Jim,” alisema kwa sauti ya chini, asimshtue mtoto, “siku nyingine uoge kwanza.”

Tangu hapo mikebe haikununuliwa tena. Wilfred akanona, akapata mikunjo ya unono mikononi. Mahlathi alipokuwa peke yake naye alimwita Macingwane, jina la heshima la akina Mchunu, maana sasa ndivyo alivyokuwa.

Juma lililofuata aliomba ruhusa. Bila sahihi ya bwana wake kwenye kipande, cheti chake cha kusafiria, asingeweza hata kufika stesheni.

“Bibi, nina mtoto wangu nyumbani. Haya ni maziwa yake.”

Bibi Tregear hakuwa mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga, akaingia ndani, akatoka na shali ya sufu, laini, mpya. “Mpelekee huyo mdogo,” alisema. Kisha akamtazama Wilfred aliyelala. “Lakini ukienda wewe, huyu atanyonya nini?”

Bwana Tregear aliongeza mkataba mwaka mmoja.

Basi Mahlathi alitafuta kibuyu. Kila siku, Wilfred akishashiba, alikamua yaliyobaki. Hayakuzidi kikombe cha chai. Aliyaacha yagande, kama maziwa ya nyumbani yanavyoganda, kwa kuwa ya mgando huvumilia safari. Kibuyu kilipojaa akamwita Ndukwana, ambaye alikuwa anakwenda nyumbani kwa harusi ya dada yake.

“Mimi?” alisema Ndukwana. “Mthembu abebe maziwa ya Mchunu? Baba yangu atafufuka anichape.”

“Usilambe tu.”

“Nikilamba nitakuwa ndugu yako, halafu nitapigana na nani?”

Alikibeba kibuyu kwenye gari moshi, amekipakata siku nzima kama mtoto, na shali ameifunga juu yake. Kutoka stesheni alitembea siku mbili kwenye jua. Aliona kiu, kukiwa na kibuyu kifuani, na hakulamba. Alipofika kwa watu wa Mchunu, wanaume wachache waliokuwapo walishika fimbo, kisha wakaona alichobeba, wakaziweka chini.

MaNgubane, mke wa Mahlathi, alimlisha mtoto kwa kiganja. Mwenyewe hakulamba hata kidole, ingawa mbavu zake zilihesabika. Kwao mke hanywi maziwa ya ukweni mpaka atolewe ng'ombe wa kumruhusu, na wake alikuwa amekufa kabla hajatolewa.

Tangu siku hiyo, dobi yeyote aliyekwenda nyumbani, awe Mthembu au Mchunu, alipitia mlango wa nyuma wa Bwana Tregear, akaondoka na kibuyu. Vibuyu vikawa viwili, kimoja kinakwenda, kimoja kinarudi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Mahlathi alinunua blanketi jekundu la mkewe, akalikunja chini ya kitanda chake. Wilfred alianza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa “Baba”, na alilisema kwa Kizulu, akimtazama Mahlathi. Bwana Tregear alicheka sana, akawasimulia wageni.

Wiki hiyohiyo Bibi Tregear alimwambia, kwa haya kidogo, kwamba alikuwa mjamzito tena. Mkataba wa mwaka mwingine ulikuwa umekwisha andikwa.

Jumatatu Ndukwana alikuja na kibuyu kitupu.

“Mwanao anatembea,” alisema. “Anashika ukuta, anashika mbwa, anatembea. Anakipigania hiki kuliko anavyompigania mamaye. Tazama mdomoni.”

Mahlathi alikipeleka kwenye mwanga. Kwenye mdomo wa kibuyu palikuwa na alama ndogo za meno, mbili juu, mbili chini. Alipitisha kidole juu yake. Akarudia. Ndukwana aliinuka, akajifanya anahesabu mashuka.

Ndani, Wilfred aliamka, akaanza kuita. Mahlathi alifuta kibuyu kwa shati lake, ambalo tayari lilikuwa limelowa, akakitundika msumarini, akaenda kunawa kifua.