Kioo Kilizima Kabla ya Kicheko

Mtaani hakuna aliyemwita kinyozi yule kwa jina lake. Walimwita Redio, kwa sababu mdomo wake haukuzimwa tangu anapofungua duka hadi anapofagia nywele za mwisho. Watu walikuja kunyolewa hata kichwa kikiwa bado safi, ilimradi wasikie kituko cha siku hiyo. Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye chumba cha pili. Kicheko kilipopasuka nyuma ya ukuta, alijua mumewe amefika mwisho wa kisa.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Mkasi ulimponyoka, kikafuata kikombe, yakafuata maneno yenyewe. Daktari alieleza kwamba mishipa inakufa kidogo kidogo lakini akili itabaki timamu, na hilo la mwisho alilisema kama habari njema. Mwishowe Redio alibakiwa na macho tu.

Hospitali ikawapa kompyuta iliyokuwa ya mgonjwa mwingine kabla yake. Chini ya kioo palikuwa na kamera ndogo iliyofuata macho. Redio akiikazia herufi macho, inaandikwa. Akimaliza sentensi, spika inaisoma kwa sauti nzito ya mwanamume asiyejulikana. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Nani kanichana hivi?" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na machozi yakaja humohumo.

Raha hiyo haikudumu. Kompyuta ilianza kuzima yenyewe. Redio akiwa katikati ya neno, kioo kinaganda, kinakuwa cheusi, halafu mashine inajiwasha upya kama haijui kilichotokea. Alichoandika chote kimekwenda na maji. Mara nyingine ilikaa asubuhi nzima bila tatizo, mara nyingine haikumaliza hata salamu.

Mdogo wake Redio alikuwa fundi wa kompyuta. Alikuja na begi lake, akaifungua mashine mezani, akapuliza vumbi, akabadilisha memori, akajaribu waya mwingine wa umeme. Ikazima tena. Ndipo akachimba ndani, kwenye kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia kila inapoanguka, na kila anguko lilikuwa na mkosaji yuleyule.

"Ni draiva ya kadi ya picha, shemeji," alimwambia mke wa kaka yake.

"Nieleze kama mtu wa cherehani."

"Kadi ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Draiva ni programu inayoiambia ichore nini. Sasa hawa wawili hawaelewani. Wakikorofishana, mashine nzima inaanguka."

"Basi mwondoe, umlete mwingine."

Aliweka draiva ya zamani. Mashine ikatulia kabisa, wakaanza kutabasamu. Lakini programu ya macho ikagoma kufunguka. Yenyewe ilitaka draiva mpya. Akairudisha mpya, macho yakafanya kazi, na kioo kikazima kama kawaida. Akajaribu zote zilizokuwa katikati, moja baada ya nyingine, Redio akimtazama kutoka kwenye kiti chake. Kadi ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani, haibadilishiki. Waliotengeneza kadi walikwisha kuiacha, hawaiandikii draiva tena. Programu ya macho iliruhusiwa kufanya kazi kwenye mashine ileile tu, na kampuni iliyoweza kuihamishia kwingine ilikuwa imefunga ofisi. Fundi aliwaandikia hata hivyo. Barua pepe ilirudi bila kumfikia mtu.

"Nimepunguza kazi ya kadi," alisema hatimaye. "Labda itaanguka mara chache." Hakumtazama kaka yake aliposema hivyo.

Jumapili hiyo wateja wa zamani walikuja kumwona, wakakaa kwa kubanana kitandani na kwenye viti vya cherehani. Redio alianza kuandika. Walisubiri kwa adabu, macho yake yakihangaika kutoka herufi hadi herufi, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Spika ikasema: "Mwenye upara mmoja aliingia dukani, akakaa, akasema ninyoe taratibu. Nikamwambia." Kisha akaendelea kuandika. Watu wakajiweka tayari kucheka. Mmoja alikwisha kuanza. Kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mshona viatu, rafiki yake wa miaka mingi, akasema, "Eh, Redio bwana, wewe hubadiliki," akacheka peke yake, na wengine wakamsaidia kidogo. Kicheko kile kilimchoma mke kuliko ukimya. Mashine ilipowaka, Redio alirudia kuanzia mwanzo. Ikazima mapema zaidi. Wageni wakakumbuka shughuli zao. Jumapili iliyofuata alikuja mshona viatu tu, na baadaye hata yeye akawa anatuma salamu tu.

Mke aliandika herufi zote kwenye karatasi kubwa. Alikaa mbele ya mumewe, akawa anazigusa moja moja kwa kidole.

"Mwenye upara ulimjibu nini? Niambie mimi. Ukipenda herufi, tazama juu."

Redio alimtazama usoni. Kidole kilipita herufi zote, kikarudi mwanzo, kikapita tena. Hakutazama juu.

"Umechoka?"

Akatazama juu.

"Tuendelee kesho?"

Macho yalibaki palepale, usoni kwake, hayakupanda wala hayakushuka.

Asubuhi mke aliiwasha kompyuta kama kawaida, akaisogeza mbele ya mumewe, akarekebisha kamera. Redio akafumba macho. Akamngoja ayafumbue. Mashine ilikuwa imetulia siku hiyo, herufi zote zimejipanga kwenye kioo, kamera ikitafuta macho na kuyakosa. Mwishowe mke akaenda kwenye cherehani, maana kulikuwa na sare za watu zinazosubiriwa, akashona huku mlango ukiwa wazi ili amwone.