Dume Aliyeitwa Castory

Haya alinisimulia Gloriose, Mrundi, tukichambua dagaa mwaloni Kibirizi, mwaka wa tisini na nane.

Mumewe, Bukeyeneza, alitoka kambi ya wakimbizi bila kibali akaenda kuchunga ng'ombe wa Mzee Castory, bonde la Malagarasi. Majike arobaini, madume wawili. Ujira wake mtamba mmoja, atakayemchagua mwenyewe miaka mitatu ikitimia. Ng'ombe wake wote walichinjwa Burundi siku waliyokimbia, kwa hiyo mtamba huyo ndiye aliyekuwa akimwamsha asubuhi.

Mwaka wa tatu wakazaliwa ndama watano tu. Bukeyeneza akaanza kuchunguza. Dume mzee anampanda jike leo, wiki tatu zikipita jike yule yule anataka tena. Dume kijana akisogea, mzee anamtimua kwa pembe. Mwenye mabavu hana mbegu, mwenye mbegu hapewi nafasi.

Siku moja wakwe zake Castory walikuja kumjulia hali binti yao Eufrasia, mke mdogo, mwaka wa nne hajashika mimba. Mchungaji akaitwa asalimie, akaulizwa na baba mkwe habari za zizi. Sasa, kwao Burundi dume wa zizi huitwa kwa jina la mwenye ng'ombe, ndiyo heshima, naye huko porini ndivyo alivyomwita yule dume mzee miaka yote. Kofia mkononi, akasema kwa adabu:

"Castory amechoka, mzee. Anapanda, anapanda, hakuna kinachoshika. Tumtoe, kijana aingie."

Baba mkwe alicheka mpaka pombe ikamwagika.

"Eufrasia mwanangu, kumbe hata mchungaji anajua!"

Eufrasia akainuka akaingia ndani. Bukeyeneza akajitetea kwamba anasema dume, dume wa zizi. Kila alipolitaja neno hilo walizidi kucheka.

Castory hakupaza sauti. "Mtamba wako ameliwa na mdomo wako," alimwambia.

Kesho yake akaita watu wakamhasi dume kijana, mzee akaachiwa majike wote. Kisha akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kusema kwake kuna mkimbizi asiye na kibali.

Lori lilimfikisha Bukeyeneza kambini jioni, mikono mitupu. Gloriose akamuuliza kama angalau amefurahi kwamba mwakani zizi lile halitakuwa na ndama.

"Ng'ombe hawakunikosea," alisema, akageukia ukuta wa turubai.

Alilala upesi. Gloriose alikaa akimsikiliza anavyopumua, mpaka naye usingizi ukamchukua.